Ganzi, Vidonge na Filamu za Ijumaa

Kama una baka mwilini lisilowasha wala kuuma, na umeshaamua moyoni kuwa ni baridi tu, au kwamba mtu wa hadhi yako hapatwi na maradhi ya aina hiyo, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi nami nilikuwa na hadhi. Nina diploma ya umeme na redio kutoka chuo cha ufundi cha Bukini. Nilitoka wa pili darasani, na aliyetoka wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Nikapata ukoma. Nimemeza vidonge miaka miwili kamili, karatasi ishirini na nne, moja kila mwezi, sikuruka hata siku moja, na sasa nimepona. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimebaki vimejikunja, na bado natengeneza redio vizuri kuliko mwenye kumi vizima.

Nilizaliwa Majunga, mji wa Bukini, wazazi wangu watu wa kisiwa cha Ngazija waliokufa na kuzikwa hukohuko. Watu wetu walipouawa huko katika zile ghasia za kuwafukuza wageni, na sisi tuliosalimika tukaletwa visiwani, nilishuka Moroni na sanduku moja, diploma nimeishonea ndani ya bitana ya koti, na dada yangu Hadija kanishika mkono kana kwamba mimi ndiye mdogo. Hatukuwa na mtu. Nilianza kutengeneza redio barazani kwa watu. Mwaka uliofuata wakaja mamluki, Wazungu wa bunduki ambao tuliamka tukawakuta ndio wanaolinda serikali. Watu waliwaogopa, nami niliwaogopa pia, lakini walikuwa na mafriji, mafeni na deki za video, na unyevu wa Moroni hauogopi mtu. Mmoja wao alinipa deki iliyokufa badala ya shukrani. Mafundi wawili walikuwa wameshaikatia tamaa. Mimi niliifufua kwa siku nne.

Deki hiyo ndiyo niliyoingia nayo Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, nilipoitwa kuangalia vyumba vya baridi bandarini, nikamuoa Moinaesha. Kwetu visiwani nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na vitu vyake, na mambo yakiharibika hutoka navyo. Nyumba ya Moinaesha ilijengwa na babake, ghorofa moja ya mawe ndani ya mji wa kale, kwenye kichochoro chembamba ambamo televisheni yangu ilibidi ipitishwe kwa ubavu, juu ya vichwa vya watu. Mwenye sauti humo alikuwa mama mkwe wangu, Koko Siti. Wajukuu walimwita Koko, yaani bibi, na mtaa mzima ukafuata. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Fundi, na sikuwahi kumkatalia.

Kila Ijumaa baada ya alasiri, umeme ukiwapo, tulitazama filamu. Tulikaa mkekani sote: mimi na mke wangu, mabinti zetu wawili Nuru na Anziza, Koko, na Atumani, kaka yake Moinaesha, mpakuzi wa bandarini mwenye mabega kama mlango. Na baada ya filamu yalikuja maoni, ambayo mara nyingi yalikuwa marefu kuliko filamu.

Koko alikuwa na kipimo kimoja. "Saa mbili na nusu," angesema, "wamelia, wameimba, wameoana, wamezikana. Hakuna aliyekula hata tonge. Watu gani hawa?" Filamu pekee aliyoisifu mwaka mzima ilikuwa ya Kichina, ya mpishi anayepigana kwa sufuria, kwa sababu kabla ya kupigana alipika.

Atumani alihesabu risasi. "Kumi na saba! Bunduki ile ya risasi sita! Shemeji, rudisha nyuma, hesabuni na nyie."

Moinaesha alinyamaza. Maoni yake yalikuja kesho yake, akiwa anakuna nazi, sentensi moja. "Yule dada mdogo alijua tangu mwanzo." Nikamwambia haiwezekani, nikairudisha filamu kwa makusudi ya kumwonyesha, na kumbe yule dada mdogo anageuza uso dakika ya kumi, kabla ya mtu yeyote kuambiwa chochote. Mke wangu hana diploma.

Maoni yangu yalihusu taa, sauti na jinsi kamera ilivyosogezwa, na yaliheshimiwa. Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa kutafsiri. Za Kifaransa nilizitafsiri vizuri. Za Kihindi, ambazo ndizo zilizopendwa, nilizitafsiri vizuri zaidi, maana maneno yake nilijua kama arobaini tu, niliyookota kwa majirani zetu Wahindi wa Majunga, na yaliyobaki niliyatia mwenyewe. Watu walikuja kutoka vichochoro vya mbali kunisikiliza. Siku moja mzee mmoja alilia.

Sasa nije kwenye mkono.

Ijumaa moja deki ilikwama, nikaifungua palepale mbele ya watu. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimewaka, nikakishika pasipofaa, kwa kidole cha mwisho na cha jirani yake, nikaendelea kuzungumza. Atumani ndiye aliyeona.

"Shemeji! Umeshika moto!"

"Mkono wa fundi," nikamwambia, nikakishika tena ili aone vizuri. "Moto na umeme vinaujua."

Walipiga makofi. Nilirudia mchezo ule kwa wageni mara tatu au nne. Vidole vile vilikuwa na ganzi karibu mwaka, na kwenye kiwiko palikuwa na baka lililopauka, nami nilikuwa nimejieleza kwamba kila kazi ina alama yake. Kisha siku moja nikifanya kazi zangu nyumbani nilisikia harufu ya nyama kuungua, nikapaza sauti: "Mama, samaki wako anaungua!" Koko akajibu kutoka uani kuwa leo hakuna samaki. Nikatazama chini. Samaki alikuwa mimi.

Moinaesha alinifunga kitambaa. "Hukuhisi?" akauliza.

"Fundi mkubwa hahisi," nikajibu. Naandika neno hilo hapa kwa aibu, ili wewe usije ukalisema.

Kidole cha mwisho kilipoanza kujikunja na kukataa kunyooka, nilipanda zahanati moja karibu na Patsy, kijiji cha juu mlimani, kwa sababu mjini kila mlango wa hospitali una macho. Benchi la kusubiria lilikuwa nje, chini ya bati. Tulikuwa saba, kila mmoja akitazama mahali ambapo mwenzake hayupo. Mwanamke mmoja alikuwa ameshusha shiromani, ile nguo yetu nyekundu na nyeupe, hadi kidevuni. Nilimjua kwa ndara zake, niliwahi kumtengenezea pasi. Naye alinijua. Miezi yote niliyokwenda pale tulikaa benchi moja bila kusalimiana, na mjini tukikutana tulisalimiana kwa furaha mpaka watu wakadhani ni ndugu. Mtu huyo simjui kwa karibu, lakini nikimwona moyo hutulia.

Muuguzi alikuwa mama mnene aitwaye Zalihata. Nilimweleza kwanza kuhusu chuo changu.

"Diploma iweke," akasema. "Kunja shati. Fumba macho. Nitakugusa kwa pamba, kila nikikugusa useme."

Nikafumba macho nikasubiri aanze. Aliponiambia nifumbue, alikuwa ameshamaliza.

Hakunionea huruma, na hiyo ilikuwa huruma kubwa. Alinieleza kuwa ugonjwa una dawa, kwamba mara moja kila mwezi, Jumanne, nitameza vidonge mbele yake, na vya siku nyingine nitakwenda navyo. Kwamba nikishaanza kumeza sitamwambukiza mtu. Kwamba kilichokunjika huenda kisinyooke. "Na uwaambie nyumbani," akasema. "Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Huu hauui haraka, kwa hiyo utakuumbua ukiwa hai."

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Jumanne ya kwanza nilikojoa maji mekundu kama juisi ya zambarau, nikakaa chooni nusu saa nikitubu dhambi zangu kwa mpangilio. Ilikuwa dawa tu. Zalihata alisema alinionya. Huenda alinionya wakati nikimweleza mambo ya transfoma. Kufikia karatasi ya nne ngozi yangu ilianza kuwa nyeusi, weusi wa biringanya, na mimi Majunga nzima walinijua kwa weupe wangu. Bandarini nikasema ni jua. Nyumbani pia nikasema ni jua.

Kilichoniumiza zaidi ni watoto. Zalihata aliniambia siambukizi, kichwa kikakubali, mikono ikakataa. Nikaacha kumbeba Anziza. Nikajitengea kikombe. Nikawa nasema tumbo halitaki, nakula baadaye, peke yangu. Na kila mwezi, Jumanne moja, nilioga, nikavaa shati safi nikapanda Patsy.

Wewe ungekuwa mke ungefikiri nini?

Moinaesha alivumilia mpaka karatasi ya sita. Asubuhi moja, akinikunjia shati, akauliza kwa sauti ya kuuliza bei ya kitunguu: "Ana umri gani?"

"Nani?"

"Wa Patsy."

Nilifungua mdomo, na ndani ya mdomo ule uliotafsiri filamu sitini hapakuwa na neno. Yeye akaona jibu. Tangu hapo alinihudumia kwa adabu, na hakuna adhabu kama adabu ya mke aliyenyamaza. Koko naye hakunyamaza. "Fundi," akaniambia siku moja nikitoka, mbele ya majirani, "Patsy kuna baridi. Ukipanda chukua na blanketi. Au tayari mnayo huko?"

Ilinibidi nichague. Wangeendelea kuamini nina mke wa pili, jambo ambalo mwanamume huishi nalo, au wangejua nina ukoma. Na wakijua, mwenye nyumba si mimi. Nilimpenda Moinaesha. Nilipenda hata kelele za Koko. Sikuwa na mama, na baada ya Majunga sikuwa na kwetu pengine pa kuita hivyo ila mkeka ule wa Ijumaa. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisiupoteze, isipokuwa kusema.

Ndipo baharia mmoja akaniletea filamu ya Kihindi ambayo sikuwahi kuiona. Mfumaji, kaka mkubwa wa nyumba, anapata ukoma. Niliitazama peke yangu kwenye karakana ya bandarini. Kuna daktari wa kijijini anayekuja na mwavuli. Halafu kuna mlango: mfumaji nje na fimbo yake, familia nzima ndani wamesimama. Nikaona wanamfukuza, nikaizima. Sikuweza kuona mbele. Lakini nikiwa pale gizani na machozi yangu, nikapata wazo ambalo lilinifurahisha mno. Nisiposema mimi, atasema daktari.

Ijumaa ile nilitafsiri kama sijawahi kutafsiri. Mfumaji alipofunua mkono wake, Koko alivuta pumzi. Moinaesha aliacha kushona. Daktari akaingia, akafunga mwavuli, akamtazama mgonjwa, akasema maneno labda matano. Nami nikaanza.

"Daktari anasema, ndugu, usiogope. Huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Anasema si laana, wala si uchafu. Anasema kuna dawa mpya, mgonjwa akishaanza kumeza hamwambukizi mtu, anaweza kulala na mkewe, anaweza kubeba watoto wake. Anasema ngozi itakuwa nyeusi kidogo, lakini itarudi..."

"Fundi," Koko akasema.

"...na vidonge ni miaka miwili, kimoja kikubwa mara moja kila mwezi..."

"Fundi. Amefunga mdomo."

"Anazungumza haraka, Mama, mimi namfuata."

"Amefunga mdomo, amechukua mwavuli, ametoka nje. Sasa anapita ng'ombe. Daktari wako bado anasema?"

Atumani alicheka mpaka akalala mkekani. Nami kwa kutaka kumaliza nikakimbilia mbele: "Anasema mwisho kabisa, kimoja kikubwa kila mwezi, Jumanne..."

Moinaesha aligeuka. "Jumanne?"

Kwenye televisheni ng'ombe bado walikuwa wakipita, wengi.

Mke wangu alitazama uso wangu mweusi. Akatazama kidole changu cha mwisho. Naona bado jinsi macho yake yalivyosafiri, polepole, kama mtu anayerudisha filamu nyuma ili aone alichopitwa. Nikanyoosha mkono nikazima deki.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," akasema.

"Hakuna."

Akafunika uso kwa leso. Mabega yalitikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Nilipomuuliza miaka baadaye, alisema vyote viwili, na kwamba kicheko kilitangulia.

Nilimtazama Koko, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na maoni. Atumani alikuwa ameketi tena. Hakucheka. Aliwatazama Nuru na Anziza waliolala juu ya mkeka, mmoja kichwa kimeangukia paja langu, akasema maneno mawili: "Na watoto?"

Yakanitosha. Kwetu mgonjwa mzito hurudishwa kwa watu wake, kwa mamake, au kwa dadake kama mama hayupo. Sikutaka kurudishwa. Nilijirudisha. Niliingia chumbani nikapanga nguo zangu, vidonge vyangu na koti langu, nikateremka bandarini, na meli ya mchana wa kesho yake ikanikuta nimekaa juu ya sanduku. Moinaesha alikuja hadi kichwa cha kichochoro kunitafuta, nikaambiwa baadaye. Nilikuwa nimepita njia nyingine.

Moroni walipekua mizigo. Askari aliyekuwa na Mzungu mmoja wa mamluki alifungua sanduku langu, akatoa karatasi za vidonge, akamwonyesha mkubwa wake. Mzungu yule alisoma maandishi, akazirudisha kwa ncha za vidole, akajifuta kwenye suruali. Nilimtengenezea friji mtu yule. Nikafunga sanduku nikasema ahsante.

Dada yangu Hadija alinipokea kwa machozi na uji. Hakuuliza maswali. Alinipa chumba kizuri cha mbele, akawatukana watu wa Ndzuani wote, mji kwa mji, kijiji kwa kijiji, mpaka nikalazimika kuwatetea. Lakini sahani yangu ilikuwa na uzi mwekundu umefungwa chini ya ukingo, ili isichanganyike. Nilipogundua, sikumwambia. Alikuwa ananipenda kwa mikono miwili na kuniogopa kwa kidole kimoja. Ukimpata mtu wa namna hiyo katika ugonjwa wako, usimkatae kwa sababu ya uzi.

Mvua za kaskazi zilinikuta hapo. Karatasi ya nane, ya tisa, ya kumi. Nilihamishiwa zahanati ya Moroni, ambako kijana mmoja wa mazoezi ya viungo alinifundisha kuloweka mkono kwenye maji, kuupaka mafuta ya nazi na kuvinyoosha vidole kimoja kimoja, kila asubuhi, kama mtu anayekunjua barua ya zamani. Ndicho kilichookoa vidole vingine vitatu. Kutoka Mutsamudu sikupata barua. Meli zilileta shati langu moja lililotiwa kifungo, halafu soksi, halafu kanzu iliyopigwa pasi. Hakuna neno ndani ya mfuko wowote, nami nilitafuta mifuko yote, hata ya soksi. Ningeweza kuandika mimi. Mimi ndiye mwenye kalamu nzuri. Nilisema moyoni: walionitoa ndio waandike.

Karatasi ya kumi na moja, mvua zikiwa zinaishiaishia, mlango wa Hadija uligongwa asubuhi. Alikuwa Koko Siti. Mwanamke ambaye hakuwahi kupanda meli maishani mwake alisimama kizingitini, shiromani imelowa, uso wa rangi ya majivu, amejishika ukutani.

"Nyumba hii inatikisika," akasema.

"Ni wewe, Mama, bado una bahari," nikamwambia. Nikasimama. Sikujua mikono niiweke wapi.

Hadija alimkaribisha kama anavyokaribishwa mkaguzi. Alimpa kiti, akampa maji, kisha akasimama kati yetu. "Umefuata nini, mama? Kama ni talaka, mngemtuma mtu."

"Nimemfuata mtu wangu."

"Mtu wako? Mgonjwa ni wa kwao. Mila hiyo unaijua kunishinda. Mimi ndiye dada. Nimempokea usiku mnene na mchana mwangavu, nimemlisha, nimemfulia."

"Umempokea, Mungu akulipe," Koko akasema. "Lakini mimi sikumtoa. Nani kakwambia nilimtoa?"

Hadija akanigeukia. Mimi nikatazama mkeka.

"Yeye," akasema Hadija.

Koko akanywa maji, akaweka bilauri chini. "Fundi, ile filamu tumeitazama mara tatu. Mimi na mkeo. Atumani aliwasha, aliungua kidole, lakini aliwasha. Bila wewe. Nikwambie ukweli? Ni filamu nzuri sana mtu akinyamaza."

Nikaketi mkekani mbele yake.

"Sasa nikupe maoni yangu. Wewe uliondoka kama mtu aliyemwona yule mfumaji akifukuzwa. Nilikuwa nimekaa karibu, nikisubiri wamfukuze. Mara ya kwanza sikuona. Nikasema macho yangu. Mara ya pili sikuona. Mara ya tatu nikamweka Nuru pembeni, nikamwambia wewe una macho ya mtoto, niambie ni nani anayemwambia atoke. Akasema, hakuna, Koko. Hakuna! Wamesimama tu, wameshtuka, kama mtu yeyote angeshtuka. Mama yake ana kijiko mkononi. Na yeye kabla mtu hajafungua mdomo, ameshachukua fimbo, ameshavuka kizingiti. Anakwenda akilia, na muziki unalia naye. Watazamaji wote wanalia. Mimi sikulia. Nilikasirika. Kiburi kile! Unatokaje nyumbani kwangu bila kuniaga?"

Hapo sauti yake ilibadilika, akanyanyua bilauri akaiona tupu, akaiweka tena.

"Na mwishoni?" nikauliza.

"Mwishoni mama yake anakwenda kumtafuta. Anachelewa. Ndiyo maana nimepanda meli."

Hadija alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

Kisha akatusimulia la Patsy. Alipanda mwenyewe, akaketi kwenye benchi lile chini ya bati, uso wazi, akiwasalimia wote kwa majina, jambo ambalo wenzangu hawajamsamehe hadi leo. Zamu yake ilipofika akamuuliza Zalihata: yule daktari wa Kihindi amesema kweli? Zalihata akauliza daktari yupi. Koko akamsimulia filamu yote, pamoja na ng'ombe. Zalihata alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamwambia kwamba kila neno ni kweli, na huyo daktari ana bahati kupata mtafsiri kama huyo. Wiki iliyofuata Koko akawapandisha wote wakapimwe kwa pamba: mabinti, Moinaesha, yeye mwenyewe. Wote wazima.

"Na Atumani?" nikauliza.

"Atumani alifumba macho, akawa anasema 'hapo!' hata pale asipoguswa. Wamemrudia mara mbili. Mzima."

Hadija alicheka, kisha akaona aibu kucheka, kisha akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa ameleta chakula kwenye sinia moja, na uzi mwekundu sikuuona tena. Alilia wakati wa kunifungia sanduku. Ninyi mlio na madada, mnajua deni lisilolipika.

Nimeombwa mara nyingi na wagonjwa wenzangu, siku hizi Zalihata huwatuma kwangu, kwamba niwape neno. Neno langu ni hili. Vidonge vinafanya kazi. Maji mekundu yataisha, weusi utaisha, mimi leo ni mweupe tena na mke wangu anasema ni afadhali ningebaki vile. Paka mafuta, nyoosha vidole, usishike kitu cha moto bila kutazama. Lakini usiwatafsirie watu wako mioyo yao. Miezi mitano nilikaa Moroni nikimsikia Atumani akinifukuza kwa maneno mawili, na maneno yale yalikuwa swali tu, swali la mjomba aliyewaona watoto wa dada yake mkekani. Alitaka jibu. Mimi nililijua jibu, nilikuwa nimetoka kumpa daktari wa Kihindi alitoe kwa ufasaha wote, na badala ya kulirudia kwa mdomo wangu nikaenda kupanga soksi.

Tulirudi kwa meli ya mchana. Koko alitapika kutoka Ngazija hadi tulipoiona milima ya Ndzuani, na kati ya tapiko na tapiko alinieleza kasoro za filamu nyingine nne walizotazama nikiwa sipo. Nilimshikia kichwa. Hakuniuliza ni mkono upi.

Mutsamudu bahari ilikuwa imechafuka. Meli ilipanda na kushuka ubavuni mwa gati, na abiria waliruka mmoja mmoja, wakipokewa na wapakuzi. Walimbeba Koko kama gunia la mchele, akiwatukana. Nilipofika ukingoni nikamwona Atumani amesimama mbele ya wenzake, ameacha mizigo yake. Nilihamishia sanduku mkono wa kulia, nikamnyooshea wa kushoto.

"Huo mwingine," akasema.

"Shemeji, huu ndio mzima."

"Nimesema huo mwingine. Haraka, meli inashuka."

Nikabadilisha. Akaudaka mkono wangu wa kulia kwa viganja vyake vyote viwili, vidole vilivyokunjika vikiwa katikati. Sikuhisi kitu. Nilitazama chini, nikaona jinsi alivyoukaza mpaka viungo vyake vikawa vyeupe, nikaruka.